Kirikuu inapiga resi mlimani ila mwendo hauongezeki, ni klachi au mafundi wanataka kunipiga?

Mwana_Uyole

Habari za jumapili wakuu, niende moja kwa moja. Nina kirikuu, Suzuki Carry ile DA63T ya manual, nimemkabidhi kijana anapiga nayo kazi, anapandisha mbolea na saruji kutoka Uyole kwenda Isyonje na huko ndani ndani, anarudi na viazi, jioni ananiletea hesabu. Sasa kijana amekuwa akilalamika gari halina nguvu, hesabu nayo imeanza kupungua, nikaona bora nipande mwenyewe nijionee. Tambarare linakwenda vizuri tu huwezi kujua kama lina shida. Ila tukianza kupanda baada ya Igawilo, gia ya pili au ya tatu, akikanyaga mafuta injini inapiga resi inalia kabisa lakini mwendo uko pale pale, na tukisimama kuna harufu kali ya kuungua inaingia mpaka ndani. Halafu pedeli ya klachi inashikia juu sana, yaani mpaka uwe umekaribia kuachia mguu wote ndo gari linaanza kutembea.

Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza kasema klachi imeingia hewa, tununue mafuta ya breki tutoe hewa. Wa pili kasema injini imechoka, nitafute nyingine. Wa tatu kasema tushushe giaboksi tubadilishe klachi nzima na giaboksi yenyewe kabisa maana "hivi vitu vinakufa pamoja". Sasa hapo nimsikilize nani wakuu? Mi gari najua kuendesha tu, mambo ya chini sijui. Natanguliza shukrani.

Chuma_Chakavu

Uza hiyo nunua automatik upumzike

Kinyonga wa Soweto

@Chuma_Chakavu automatik uipandishe Isyonje na lumbesa mgongoni? Acha utani bana mtu ana shida. Mleta mada subiri mafundi waje.

Spana_Kumi_na_Mbili

Huyo fundi wa kwanza muage vizuri na usirudi kwake. Klachi ya DA63T ni ya kebo, haina mafuta wala silinda, sasa hewa inaingilia wapi? Kebo inatoka kwenye pedeli inapita chini inakwenda kuvuta mkono ulio ubavuni mwa giaboksi, basi, hakuna kingine. Lala chini utaiona kwa macho yako.

Wa pili nae kakosea. Injini ikichoka ukipanda mlima inalemewa, sauti inashuka, unarudi gia ya chini isizime. Ya kwako inafanya kinyume, resi inapanda mwendo umesimama. Hapo nguvu inatoka kwenye injini vizuri tu ila haifiki kwenye matairi, inapotelea njiani, na njiani hapo ni klachi. Inateleza. Harufu uliyosikia ndo yenyewe inaungua.

Ngoja nikueleweshe kidogo ili hata ukienda gereji usipigwe. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma, imefungwa kwenye krenki, yaani shafti kuu ya injini, injini ikiwaka nayo inazunguka muda wote. Pleti ya klachi imevaa shafti ya giaboksi kwa meno. Presha pleti kazi yake ni kuibana hiyo pleti kwenye flaiwili kwa springi yake kubwa ile yenye vidole vidole. Kwahiyo ukiwa HUJAKANYAGA ndo klachi imeshika, vyote vitatu vinazunguka pamoja. Ukikanyaga, kebo inavuta ule mkono, beringi ya klachi inasukuma vile vidole, presha pleti inajivuta, pleti inabaki huru na unaweza kubadili gia. Watu wengi wanaelewa kinyume, wanadhani kukanyaga ndo kubana.

Sasa sikia hapa maana ndo penye shida yako. Kadri pleti inavyolika na kuwa nyembamba, presha pleti inazidi kusogea kwenye flaiwili na vile vidole vinazidi kutokeza kuifuata beringi. Matokeo yake ule mchezo wa pedeli, ile sehemu ya mwanzo ambayo ukikanyaga hausikii uzito wowote, unapungua kidogo kidogo mpaka unaisha. Ukiisha, beringi inakuwa inavisukuma vidole muda wote hata kama dereva hajagusa pedeli, springi haibani kwa nguvu zake zote, klachi inateleza hata kama pleti bado ina nyama. Kuna watu wengi wameshushiwa giaboksi kwa tatizo la nati moja tu.

Kwahiyo kabla ya kushusha chochote fanya hivi. Zima gari, bonyeza pedeli kwa MKONO, usitumie mguu, mguu una nguvu nyingi hausikii. Inatakiwa ishuke kama sentimita moja na nusu mpaka mbili na nusu hivi ikiwa laini kabla haijaanza kuwa ngumu. Kama ni ngumu kuanzia juu, ingia chini tafuta mwisho wa kebo pale kwenye mkono wa giaboksi kuna nati ya kurekebishia, ilegeze taratibu mpaka mchezo urudi. Safisha nyuzi kwanza na brashi ya waya maana kwa matope ya huko kwenu hiyo nati itakuwa imeshikana.

Baada ya hapo lipime. Tafuta sehemu tambarare isiwe na mtu wala ukuta mbele, hendibreki juu kabisa, mguu wa kulia kwenye breki, weka gia ya tatu halafu achia klachi. Injini inatakiwa izime pale pale. Ikiendelea kuunguruma na gari limesimama ujue pleti imeisha. Ukipima mara moja inatosha, usiwe unarudia rudia kuwaonyesha washkaji maana kila ukifanya hivyo unaiunguza.

Huyo wa tatu nae mwambie giaboksi haifi kwa sababu klachi imekufa. Gia zinaingia vizuri? Haipigi kelele? Basi iache.

Mwana_Uyole

Aisee asante sana mkuu, kesho asubuhi kabla kijana hajatoka naingia chini.

Mzee wa Semi

Mnaongea spana tu hakuna aliyemuuliza hilo gari linabeba kilo ngapi.

Mimi naendesha magari makubwa, mlima Kitonga napanda na kushuka ndo kazi yangu, nikuambie kitu. Hivi vigari wajapani walivitengeneza kubeba kilo 350, ndo sheria yao ya vigari vidogo huko kwao, injini yake hiyo K6A haifiki hata cc 660. Mfuko wa saruji kilo 50, mbolea vilevile kilo 50. Piga hesabu, mifuko saba umemaliza, hapo tandiboi hajapanda. Sasa nenda kasimame pale Uyole uone kirikuu inavyopakiwa, mifuko ishirini, juu yake mama na kuku wake, na bado kuna mlima mbele. Viazi ndo usiseme, lumbesa moja inapita kilo 100, weka nne tu umeshapita. Klachi ya hivyo hata uifunge mpya kila msimu itaungua.

La pili ni huyo kijana wako. Kaa nae pembeni bila kumwambia unaangalia nini, mwangalie mguu wa kushoto. Akimaliza kubadili gia unaenda wapi? Madereva wengi mguu unabaki juu ya pedeli umepumzika. Hausikii kama umekanyaga ila uzito wa mguu tu unatosha kuifanya beringi ianze kusukuma. Kwenye gari lenye mchezo wa kutosha unaweza kupona, kwenye lako ambalo mchezo umeisha ndo unamalizia. Mguu ukae chini kushoto.

Halafu kubalansi. Hii ndo inaua klachi kuliko kitu chochote. Kuna foleni kwenye kilima, dereva anakataa kuvuta hendibreki, analishikilia gari kwa klachi na mafuta, linaenda mbele nusu futi linarudi nusu futi, anajiona fundi kumbe anasaga pleti. Mlimani vuta hendibreki, weka gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka usikie injini imelemewa kidogo na gari linataka kwenda, ongeza mafuta, shusha hendibreki. Sekunde mbili tatu imeisha. Na kuondoka na mzigo ni gia ya kwanza, sio ya pili kwa sababu "ya kwanza ni fupi". Fupi ndo uzuri wake.

Kinyonga wa Soweto

Mzee umeongea ukweli ila 350 hapa Mbeya hakuna atakayekuelewa, mteja atakuambia mbona fulani anapakia ishirini na anafika 😂

Mzee wa Semi

Anafika ndio. Muulize amebadilisha klachi mara ngapi mwaka huu.

Probox_ya_Nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Hapo kwa kebo fundi amesema ukweli lakini wale mko na gari za klachi ya mafuta, kama Probox yangu ama Hiace, msianze kutafuta nati ya kulegeza ati sababu mmesoma hapa. Hizo zinajirekebisha zenyewe pleti ikiisha. Shida yake huwa tofauti, pedeli inakuwa laini, saa zingine inazama chini kabisa hairudi, gia zinakataa kuingia hasa rivasi inalia krrr. Hiyo sasa ndio ya hewa ama mafuta kuvuja. Angalia kikopo cha mafuta kama kimeshuka, kisha vua ile mpira ya silinda ya chini kwa giaboksi, ukipata imelowa hapo ndipo inavuja. Ingia pia ndani upapase juu ya pedeli, kama kuna unyevu ni silinda ya juu. Magari mengine kikopo ni kimoja cha breki na klachi kwa hivyo ukiona klachi imeanza mambo usipuuze.

Na tafadhali msiweke mafuta ya injini hapo ati ni dharura. Mpira za ndani zinafura zinaharibika, utabadilisha silinda zote mbili. Weka mafuta ya breki, DOT 3 ama ile imeandikwa kwa kifuniko. Ikimwagikia rangi ya gari osha na maji haraka kabla haijaibabua.

Binti_Moro

Samahani mleta mada nadandia hapo hapo. Mimi klachi ya gari langu haitelezi, mlima linapanda vizuri, ila nikiondoka na gia ya kwanza linatetemeka mpaka dashibodi inacheza, nikishachanganya linatulia. Fundi anasema klachi imeisha. Na nikikanyaga pedeli kuna mlio kama wa chuma unazunguka, nikiachia unapotea. Kuna uhusiano?

Spana_Kumi_na_Mbili

Dada hayo ni mambo mawili tofauti, yanaweza kuwa yameanza pamoja tu.

Mlio unaokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia ni beringi ya klachi. Ingekuwa kinyume, mlio upo gari likiwa nyutro na mguu umeachia halafu ukikanyaga unanyamaza, ningekuambia beringi ya shafti ndani ya giaboksi. Ukijua hilo fundi hakudanganyi.

Kutetemeka usikubali klachi ibadilishwe kabla hajakagua mauntini za injini na giaboksi, zile raba zikikatika injini inaruka ruka ukiondoka. Kama mauntini nzima basi ni pleti imelowa mafuta, yanatokea kwenye sili (raba ya kuzuia mafuta yasivuje) ya krenki au sili ya mbele ya giaboksi, au uso wa flaiwili umeungua una madoa ya bluu. Hapo kushusha hakukwepeki, na ikishushwa kwa sababu ya mtetemo basi beringi utabadilisha hapo hapo, ufundi unalipa mara moja. Ila wakikufungia pleti mpya bila kubadilisha sili inayovuja mtetemo utakurudia ndani ya muda mfupi, maana pleti ikishanyonya mafuta hata uioshe na petroli haiponi.

Binti_Moro

Nimekuelewa vizuri sana kaka, ubarikiwe.

Mwana_Uyole

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilibonyeza pedeli kwa mkono, ngumu kuanzia juu, mchezo hakuna kabisa. Nikaingia chini na jamaa mmoja mwenye spana, nati tukaikuta imejaa tope, tukasafisha tukailegeza mchezo ukarudi. Tukapima na gia ya tatu injini ikazima, nikafurahi nikajua nimemaliza. Kijana akafanya kazi vizuri tu, ila juzi kapakia mbolea kapanda, hadithi ikaanza upya, resi juu mwendo hamna. Nimeangalia tena mchezo umepungua, nataka kulegeza naona nati imeshafika mwisho wa nyuzi, haina pa kwenda.

Na Mzee wa Semi, nilikaa nae pembeni. Mguu haushuki kwenye pedeli kuanzia Uyole mpaka tunafika. Nikamuuliza kasema ndo alivyofundishwa, uwe tayari muda wote.

Spana_Kumi_na_Mbili

Basi hapo pleti imeisha, nati kufika mwisho ndo ushahidi wenyewe. Na ilivyokuwa imeungua mlimani presha pleti itakuwa imelegea springi kwa joto. Shusha sasa, usiendelee kupandia hivyo maana kichwa cha ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia nyama ya pleti, kikigusa flaiwili kinaichimba mifereji na flaiwili nayo inakuwa gharama.

Siku ya kushusha uwepo. Usimuachie fundi funguo ukaenda zako. Mambo ya kusimamia: nunua vitatu kwa pamoja, pleti, presha na beringi, usikubali "presha bado nzima tutarudishia", kwa gari iliyoungua haiwi nzima. Kama mfuko unaruhusu chukua Exedy au Aisin, ila mjini kuna boksi nyingi za majina hayo ndani yake hujui kuna nini, nunua kwa mtu ambaye ukirudi utamkuta. Flaiwili aiangalie, ikiwa na nyufa ndogo ndogo au mifereji ipelekwe kwa wachongaji waisawazishe. Sili ya krenki akague, ikiwa na unyevu abadilishe hapo hapo. Pleti ina upande, pale katikati kwenye springi upande mmoja umetokeza zaidi na huo unaangalia giaboksi, kuna mafundi wanageuza halafu gia hazitoki wanaanza kulaumu spea. Bolti za presha zikazwe kwa msalaba kidogo kidogo, sio moja inamalizwa ndo anahamia nyingine. Grisi kwenye meno ya shafti ni ya kupaka kwa kidole tu, ikizidi inarukia kwenye pleti na umeanza upya. Na mikono yenye mafuta isiguse uso wa pleti, huyu umsimamie kabisa.

Kebo nayo ivutwe kwa mkono ikiwa nje. Ikikwama kwama au nyuzi zimeanza kufumuka, weka mpya. Ikikukatikia huko Isyonje usiku na viazi utajua hujui.

Kinyonga wa Soweto

Swali la uchokozi, gharama analipa tajiri au dereva?

Mwana_Uyole

Mimi nalipa, gari langu. Ila tumekubaliana pleti hii ikifa kwa mguu kukaa juu ya pedeli tutagawana nusu kwa nusu, kakubali mwenyewe mbele ya mashahidi 😅. Na mzigo nimemwambia mwisho mifuko kumi kwenye tambarare, mlimani saba. Kanuna, anasema hesabu haitafika. Nimeishusha hesabu.

Mzee wa Semi

Hapo kwenye kushusha hesabu umefanya la maana kuliko hata klachi yenyewe. Hesabu ikiwa kubwa ndo dereva anapakia ishirini, na ndo anashuka na nyutro kuokoa mafuta. Hilo nalo mkataze kabisa, mteremko wa kuja Uyole ashuke na gia, breki peke yake na mzigo zinachemka zinaacha kushika. Mteremko wa Iwambi pale, ajali zake kila mtu wa Mbeya anazijua.

Chuma_Chakavu

Lakini kushuka na gia si ndo kunamaliza klachi?

Mzee wa Semi

Hapana. Klachi inalika pale inapoteleza, ikiwa imeshika kabisa haisuguani na kitu. Unashuka na gia mguu umeutoa kwenye pedeli, injini ndo inalizuia gari. Kinachomaliza ni yule anayerudisha gia kutoka ya nne mpaka ya pili kwa mkupuo halafu anaachia pedeli nusu nusu.

Mwana_Uyole

Tumeshusha leo. Pleti upande mmoja ribiti zimeshaanza kung'aa, presha ina madoa ya bluu kama mlivyosema, beringi ukiizungusha inakwaruza. Flaiwili Mungu kasaidia, wachongaji wamesema inapona kwa kusawazishwa kidogo. Sili kavu. Sasa dukani pale SIDO naambiwa DA63 hawana kwa leo, wananipa ya DA62 wanasema ni ile ile inaingia, nichukue au nisubiri?

Spana_Kumi_na_Mbili

Usichukue kwa mdomo. Rudi na pleti yako ya zamani mkononi, zilaze zote mbili kaunta, moja juu ya nyingine, kipenyo kilingane, halafu hesabu meno ya katikati mojamoja, na presha linganisha matundu ya bolti na urefu wa vidole. Vyote vikilingana lipa. Kimoja kikikataa subiri yako ije, kijana apumzike siku mbili.

Ukishafunga mzigo uwe mwepesi kwanza siku za mwanzo mpaka nyuso zizoeane, halafu baada ya wiki mbili tatu bonyeza tena pedeli kwa mkono uone mchezo umebaki kiasi gani, pleti mpya na kebo mpya vinakaa kidogo, utahitaji kugusa nati tena.

Mwana_Uyole

Meno yamegoma, ya DA62 yao yana idadi tofauti. Nasubiri, wamesema mzigo unaingia ijumaa kutoka Dar.